Mwezi Ukipigwa, Nani Mwenye Dhima?

Katikati ya mwaka 2025, katika kijiji chetu cha pwani ya mashariki ya Unguja, palikuwa na usiku wa washairi. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu, nasi tulitandikiwa majamvi nje, chini ya minazi. Siku zile habari za jabali la angani ambalo huenda likaupiga mwezi zilikuwa zimeenea redioni na katika simu za vijana, nami nikaona hiyo ndiyo mada inifaayo. Nikatunga beti kumi na mbili. Katika beti hizo mwezi ulipasuka kama dafu, bahari ikakosa nanga yake, maji yakapanda yasijue pa kukomea, na visiwa vikazama kimoja baada ya kimoja huku wazee wakiita majina ya watoto wao. Shairi lilipokewa vyema. Watu walishangilia, mmoja akanyanyuka kunitunza, nami nikalala usiku ule nimeridhika na nafsi yangu.

Lakini nilikuwa najua kwamba niliyoyasema si kweli. Mimi sikusomea falaki skuli. Elimu yangu ya anga, kama nyingi ya elimu yangu, nimeiokota vitabuni, na miaka kadhaa nyuma niliwahi kutafsiri kijitabu cha nyota kwa ajili ya watoto. Kutafsiri humlazimisha mtu kuelewa, maana huwezi kukivusha usichokijua. Kwa hiyo nilijua vyema, wakati natunga, kwamba jabali lile haliwezi kuupasua mwezi wala kuipandisha bahari hata kwa kimo cha kidole. Nililijua hilo, nikaliacha kando, kwa sababu mwezi uliopasuka ulikuwa na vina vizuri zaidi kuliko mwezi uliosalimika.

Siku ya tatu yake nilipita nyumbani kwa mama mmoja wa makamo ya mama yangu, mkulima wa mwani. Ilikuwa kilele cha bamvua, maji yamepwa hadi kwenye mwamba, na wenzake wote wako pwani wakifunga na kuvuna. Yeye nimemkuta barazani, kamba zake zimekunjwa ukutani. Nikampa shikamoo, nikamwuliza kama anaumwa.

“Siumwi, mwanangu,” akaniambia. “Nilikuwa nataka kukuuliza, wewe ni mtu wa vitabu. Hiyo bahari itakuja kutuchukua lini?”

Nikacheka. Nikamwambia, “Mama, lile lilikuwa shairi tu.”

Akanitazama kwa muda. “Na mimi nitajuaje lipi ni shairi na lipi ni habari? Redio imesema jiwe linakuja. Wewe ukasimama mbele za watu ukasema litakalofanya.”

Kwa siku mbili hakushuka pwani. Mwani wake uliokuwa umekwisha kukomaa ulikatika kwenye kamba ukachukuliwa na mawimbi, na mwenye kuijua kazi ile anajua kwamba bamvua haimngoji mtu. Hasara hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Kila mtu siku zile aliuliza mwezi ukipigwa na jabali kubwa tutafanywa nini. Hilo ni swali la falaki na lina majawabu yake, nami nitayaeleza kadiri nilivyoyafahamu. Lakini nyuma yake lipo swali la maadili: ajuaye jambo la kutisha, au ajuaye kwamba jambo halitishi, ana dhima gani kwa asiyejua?

Tuanze na jabali lenyewe. Liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini iliyoko nchini Chile, likapewa jina la 2024 YR4. Ni asteroidi, yaani mojawapo ya majabali yanayolizunguka jua kama zilivyo sayari, ila ni madogo mno kuitwa sayari. Mwanzoni hofu ilikuwa juu ya dunia yetu. Mnamo Februari 2025 uwezekano wa jabali hilo kutupiga tarehe 22 Desemba 2032 ulikadiriwa kufikia asilimia 3.1. Siku chache baadaye, vipimo vilipoongezeka, hofu hiyo ikaondoka, na macho yakageukia mwezini. Ilipofika Juni 2025 uwezekano wa kuupiga mwezi ulikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 4.3. Darubini ya James Webb ilikuwa imelipima jabali hilo na kuliona lina upana wa mita 60 hivi.

Mita 60 ni nyingi ukizipima kwa mnazi. Zipime sasa kwa mwezi, wenye kipenyo cha kilomita 3,474. Chukua nyumba ya ghorofa mbili yenye urefu wa mita sita, uifanye ndiyo mwezi. Jabali lile litakuwa chembe moja ya mchanga laini iliyorushwa ukutani. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, nasi mbele ya anga ndio chungu: tunaliona jabali kuwa bahari kwa sababu tunalipima kwa vifuu vyetu.

Wataalamu walipiga hesabu ya yale ambayo yangetokea. Pigo lingechimba mwezini shimo lenye upana wa kilomita moja hivi, ambalo jicho tupu halilioni kutoka hapa. Kungekuwa na mwako wa ghafla. Vumbi na vipande vya mawe vingeruka, na kwa kuwa mvuto wa mwezi ni hafifu, kila kilichopata kasi ya kilomita 2.4 kwa sekunde au zaidi kingeweza kuuponyoka na kwenda zake. Sehemu ya vifusi hivyo ingefika kwetu na kuungua katika hewa ya juu, tukaona vimondo vingi kwa siku kadhaa. Mtu aliye nchi kavu au ndani ya dau asingedhurika. Vyombo ambavyo vingekuwa hatarini ni satelaiti zinazozunguka nje ya hewa, maana huko hata chembe ndogo huenda kwa kasi ya kutoboa. Watafiti walikadiria kwamba kwa siku chache satelaiti zingeweza kupata mapigo ambayo kwa kawaida huyapata kwa miaka. Wala hilo si dogo kwa mtu wa kisiwani: utabiri wa tufani na dira ya boti za siku hizi hutegemea macho hayo ya juu.

Kupwa na kujaa kwa maji, hata hivyo, kungebaki kama kulivyo. Mwezi hauondolewi mahali pake na jabali la mita 60, wala la kilomita 10 kama lile lililoangamiza madinosari miaka milioni 66 iliyopita. Hata Ceres, asteroidi kubwa kuliko zote, yenye upana wa kilomita 940 hivi, haifikii sehemu moja ya sabini ya uzito wa mwezi. Na Ceres haimo safarini kuja kwetu.

Tufikirie kidogo, kwa ajili ya fikra tu, kama mwezi kweli ungetoweka. Bahari isingetumeza, ingepoa. Nguvu ya jua katika kuvuta maji haifiki nusu ya nguvu ya mwezi, kwa hivyo bamvua letu la mita nne hivi lingeshuka hadi kiasi cha theluthi yake. Mwamba usingeanikwa tena vile unavyoanikwa, wala wanawake wasingetembea kwa miguu hadi walipo pweza. Na kwa muda mrefu sana, dunia yenyewe ingeanza kulewalewa, kwani mwezi ndio unaoushikilia mhimili wake usiyumbe mno, na kwa hivyo majira yakadumu kama tunavyoyajua. Shairi langu basi lilikosea mara mbili. Lilisema mwezi utavunjika, nao hauvunjiki. Tena lilisema maji yatapanda, ilhali mwezi ukitoweka kweli maji yangepungua kucheza. Nililolichukua kuwa kilele cha uoni wangu lilikuwa kosa la hesabu.

Kuna jambo jengine linalomfaa mpenda mashairi kulijua. Uso wa mwezi tunaousifu umefanywa na mapigo. Yale mabaka meusi ambayo mama zetu walitusimulia hadithi zake ni mabonde makubwa yaliyochimbwa na majabali na baadaye kujazwa na zaha iliyoyeyuka, mengi yake zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita. Ile nukta nyeupe upande wa kusini, inayotoa miale kama jua dogo, ni shimo liitwalo Tycho, lenye upana wa kilomita 85, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 108 hivi. Wanasayansi wengi huona kuwa mwezi wenyewe ulizaliwa na pigo, pale dunia changa ilipogongwa na sayari nyengine, miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Na mapigo hayo hayakuishia huko juu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, katika jangwa la Dhofar nchini Omani, yameokotwa mawe yaliyorushwa kutoka mwezini na kuangukia duniani. Ndugu zetu wa huko wamepita na ngamia juu ya vipande vya mwezi bila ya kuvijua, na hakuna bahari iliyopanda.

Kwa hiyo jiwe halina kosa. Linakwenda linakokwenda. Hatuwezi kulilaumu wala kulisifu. Maadili huanza pale anapopatikana mtu aonaye na ajuaye. Nataka niwataje watu wa aina tatu waliosimama mbele ya anga wakiwa na jambo la kuwaambia wenzao.

Wa kwanza ni watu watano wa Canterbury, Uingereza. Mwezi Juni 1178, baada ya jua kuchwa, walikuwa wakitazama hilali, mara pembe yake ya juu ikaonekana kupasuka. Katikati ya ufa pakatoka moto na cheche, na mwezi ukajinyonga mfano wa nyoka aliyejeruhiwa. Walimweleza mtawa Gervase, mwandishi wa tarehe wa mahali pale, wakiwa tayari kuapa kwa heshima yao. Naye akaandika walichokiona. Karibu miaka mia nane baadaye, mwaka 1976, mwanajiolojia Jack Hartung alipendekeza kuwa watu wale waliliona pigo lililochimba shimo liitwalo Giordano Bruno, lenye upana wa kilomita 22. Lilikuwa wazo la kupendeza. Mwaka 2001 Paul Withers akalipinga kwa hoja nyepesi: pigo kubwa kiasi kile lingeleta duniani mvua ya vimondo ya wiki nzima, na Wachina, Waarabu na Wazungu waliokuwa wakiandika habari za anga wote wasingenyamaza. Picha zilizopigwa na chombo cha Kijapani cha Kaguya zilionyesha baadaye kwamba shimo lile lina umri wa miaka milioni moja au zaidi. Yumkini walichokiona wale watano ni kimondo kilichopita katika hewa yetu, sawa na mstari wa macho yao na mwezi. Walikosea sababu, ila hawakuzidisha waliloliona. Walisimama mahali pa shahidi, na ushahidi wao ukaweza kupimwa baada ya karne nane.

Wa pili ni Columbus. Mwaka 1504 alikuwa amekwama Jamaika, merikebu zake zimeliwa na wadudu wa mbao, na wenyeji wamechoka kumlisha yeye na watu wake. Alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota cha Regiomontanus, akajua kwamba usiku wa tarehe 29 Februari mwezi utapatwa. Akawaita wakuu wa wenyeji, akawaambia Mungu amewakasirikia na ataugeuza mwezi uwe na rangi ya hasira. Mwezi ulipoanza kuliwa, watu wale walimiminika na vyakula wakilia. Yeye akajifungia chumbani kama anayeomba, na hesabu yake ilipomwonyesha kuwa giza linakaribia kuondoka, akatoka akawatangazia msamaha. Huyu hakukosea hata dakika. Elimu yake ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyomwezesha kudanganya.

Wa tatu anajulikana na wengi wa wasomaji wangu. Katika mwaka wa kumi wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limemlilia mtoto. Hebu tuutazame wasaa ule kwa macho ya kibinadamu tu. Baba amefiwa, umma umeshaamini, na mbingu zenyewe zinaonekana kumpa taadhima. Kunyamaza tu kungetosha. Yeye akasimama akawakanusha: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Aliikataa heshima ambayo watu walikuwa wakimpa, kwa kuwa haikuwa kweli.

Nilipowaweka watu hawa mbele yangu nikajiuliza mimi nimekaa wapi. Ningependa kusema nimekaa na wale watano. Lakini wao walikosea kwa kutojua, na mimi nilijua. Kwa haki, nilikaa chumbani kwa Columbus, nikingoja chakula changu, nacho kilikuwa makofi.

Najua pingamizi itakayotolewa, maana nimejitolea mwenyewe mara nyingi. Ushairi si darasa la falaki. Mshairi ana uhuru wa kuupasua mwezi, kuipandisha bahari, na kuwafanya samaki waseme. Tukimfunga kwa vipimo, tutabaki na nini? Pingamizi hii ina uzito nami siitupi. Mashairi ya mapenzi yamejaa miezi iliyoshuka dirishani, na hakuna aliyewahi kuacha kazi yake kwa ajili hiyo. Ila tofauti iko katika hali ya msikilizaji. Anayesikia kwamba mwezi umeshuka dirishani kwa mpenzi anajua kuwa yumo ndani ya majazi, kwa sababu mlango wa majazi uko wazi na yeye ameuingia mwenyewe. Usiku ule mlango huo nilikuwa nimeufunga. Nilianza kwa kutaja jabali lilelile lililotajwa na redio, na mwaka uleule wa 2032, kisha nikapanda juu ya habari hiyo kama mtu apandaye mabegani mwa mwenzake. Msikilizaji hakupewa alama ya kumwonyesha wapi habari imekoma na wapi utunzi umeanza. Uhuru wa mshairi haumpi ruhusa ya kuazima sauti ya shahidi.

Na dhima hii haiwaangukii washairi peke yao. Leo binadamu ana uwezo ambao hakuna aliyekuwa nao katika zama za Gervase wala za Columbus. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Kimarekani kiitwacho DART kilijigonga kwa makusudi kwenye Dimorphos, jabali lenye upana wa mita 160 hivi, na mzunguko wake ukafupika kwa zaidi ya nusu saa. Mwaka 2025 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za kulivunja jabali la 2024 YR4 kwa mlipuko wa nyuklia kabla halijafika, ili kuzilinda satelaiti. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema hakuna dola linaloweza kuumiliki mwezi, na unakataza silaha za nyuklia kuwekwa katika mizunguko ya dunia. Sisemi kwamba hesabu zile zilikuwa za shari. Huenda ikaja siku jabali likawa linaelekea mjini kwetu, na bomu hilo ndilo likatuokoa. Ninachosema ni kwamba tangu siku tulipoweza, kupiga kuna mwenyewe na kuacha kuna mwenyewe. Jabali likipiga bila ya mtu kujua, hiyo ni kadari. Likipiga watu wakijua na wakiweza, au likivunjwa na wachache kwa uamuzi wa wachache, mtu ana haki ya kuuliza nani aliamua na kwa niaba ya nani.

Mhariri wa jarida hili aliniomba shairi lile. Sikumpa, nimemletea makala haya badala yake. Shairi lenyewe sijalichoma, maana vina vyake bado navipenda, lakini sitalisoma tena mbele za watu bila ya kuwaambia kwanza mwezi hauvunjiki.

Kwa yule mama nilirudi jioni ileile. Nilichukua chembe ya mchanga kidoleni nikamwonyesha nyumba ya jirani, nikamwambia huu ndio mwezi na hii ndiyo asteroidi. Nikamweleza kuwa maji yatapwa na kujaa kama alivyoyakuta, na kwamba nililijua hilo tangu kabla ya kusimama pale jamvini. Hakunikaripia. Aliinuka akazitungua kamba ukutani, akaanza kuzikagua fundo moja moja kwa ajili ya kesho yake. Nikampa na habari ya bomu, kwa kuwa nilikuwa nimejiapiza nisimfiche kitu.

Akauliza, bila ya kuacha kazi yake: “Na hao wenye bomu, watatuambia kabla au baada?”

Nilimwambia sijui.